DAMU IZUNGUKAYO



Asubuhi, mitumbwi irudipo kutoka ziwani, mama wa Kalemie hushuka ufukoni na kikapu chake kuchagua samaki. Mwenye kuuza husifu mali yake, kama wafanyavyo wauzaji wote. Asema samaki huyu ametoka majini sasa hivi. Mama hamjibu. Amshika mgebuka, amfunua kifuniko cha shavu kwa kidole, ayatazama matamvua. Yakiwa mekundu, anunua. Yakiwa yamefifia na kuwa kama majivu, amrudisha samaki mahali pake na kwenda zake.

Mama huyo huyo akimpeleka mtoto wake zahanati, amwona muuguzi akifanya jambo linalofanana na lile. Muuguzi avuta ukope wa chini wa mtoto na kutazama ndani yake. Kisha akifunua kiganja cha mtoto na kukilinganisha na kiganja cha mama. Atafuta nini? Atafuta wekundu. Mama sokoni na muuguzi zahanatini wasoma barua moja, nayo imeandikwa kwa damu.

Basi, juma hili twataka kuwaeleza habari ya damu: jinsi inavyozunguka ndani ya mtu, na jinsi inavyozunguka ndani ya samaki, chura, mamba na kuku. Wanafunzi watapata humo somo lao la elimu ya viumbe. Lakini wazazi nao wasigeuze ukurasa upesi, kwa maana mwishoni tutaona kwamba jambo hili si la vitabu tu; ni jambo la kufa na kupona katika nyumba zetu.

Kazi ya damu

Mwili wa mtu ni kama mji mkubwa wenye nyumba zisizohesabika. Kila nyumba yataka chakula, yataka hewa ya kuwasha moto, tena yataka mtu wa kuondoa majivu na takataka. Nyumba hizo ni zile chembe hai ambazo kwazo nyama, mifupa, ubongo na ngozi hujengwa. Chakula chao hutoka matumboni; hewa yao, yaani oksijeni, hutoka mapafuni. Lakini kidole cha mguu ki mbali na tumbo, tena ki mbali na pafu. Ni nani atakayekipelekea riziki yake? Ni damu.

Viumbe vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, havina damu wala haviihitaji. Maji yavizungukayo huviletea kila kitu mlangoni. Lakini kiumbe kikiwa kikubwa, hakina budi kuwa na njia za uchukuzi ndani yake. Ndivyo ilivyo hata kwa makao ya watu: kijiji chaweza kuishi kwa vijia vya miguu, lakini mji kama Kalemie wataka bandari, reli na barabara.

Damu ikitiwa katika kichupa cha maabara pamoja na dawa ya kuizuia isigande, nayo ikiachwa itulie, hujitenga yenyewe. Juu hubaki maji yenye rangi ya manjano. Chini hutua chembe nyekundu. Maji yale huchukua chakula na takataka. Chembe nyekundu ndizo mitumbwi ya oksijeni. Kila moja imejaa kitu chenye madini ya chuma, kiitwacho hemoglobini, ambacho hushika oksijeni mapafuni na kuiachilia mahali inapohitajiwa. Katika tone moja dogo kama kichwa cha pini mna mitumbwi hiyo milioni kadhaa. Tuukumbuke mfano huu wa mitumbwi, maana tutauhitaji tena.

Pampu mbili zilizoungana

Moyo wa mtu una ukubwa kama wa ngumi yake. Umekaa katikati ya kifua, umeinama kidogo kuelekea kushoto. Ndani yake mna vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, na viwili vya chini huisukuma. Ukuta imara hutenga upande wa kuume na upande wa kushoto, hata damu ya huku isichanganyike na damu ya kule. Kwa kweli, basi, moyo ni pampu mbili zilizoungana kama mapacha.

Pampu ya kuume hupokea damu iliyochoka, yenye wekundu wa giza, inayorudi kutoka mwilini mwote. Huisukuma mpaka mapafuni, safari fupi tu. Huko damu hutua hewa chafu na kupakia oksijeni, nayo hugeuka kuwa nyekundu ing'aayo. Ndipo hurudi moyoni, safari hii upande wa kushoto. Pampu ya kushoto huisukuma kwa nguvu mpaka kichwani na mpaka unyayoni. Yeyote aliyepata kuupasua moyo wa mbuzi jikoni aliona kwamba ukuta wa chumba kimoja cha chini ni mnene kuliko wa mwenzake. Sababu yake ndiyo hii: mwenye safari ndefu hupewa nguvu nyingi.

Kati ya vyumba vya juu na vya chini, na mahali mishipa mikubwa ianzapo, mna milango midogo inayofunguka upande mmoja tu. Damu ikitaka kurudi nyuma, yenyewe huufunga mlango. Laza sikio lako juu ya kifua cha mtoto: utasikia tu-ta, tu-ta, tu-ta. Sauti ile ni ya milango hiyo ikifungwa.

Mishipa inayotoka moyoni ina kuta nene, nayo hudunda pamoja na moyo. Hugawanyika kama matawi ya mwembe, na matawi kuwa vijiti, mpaka inakuwa midogo kuliko unywele. Humo chembe nyekundu hupita moja moja, kama watu wavukao mto juu ya gogo. Hapo ndipo mzigo hushushwa na takataka kupakiwa. Kisha mishipa midogo hukusanyika tena, kama vijito viingiavyo mtoni, na kuirudisha damu moyoni.

Na tufanye hesabu. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika. Kila pigo husukuma damu kama mililita 70. Basi kwa dakika moja hupita lita 5 hivi, na hiyo ndiyo karibu damu yote iliyomo mwilini mwake. Kwa siku moja moyo hupiga mara 100,000, nao husukuma lita 7,000, yaani mapipa 35 ya lita 200. Nani bandarini angeweza kuinua mapipa 35 kila siku, pasipo Jumapili wala likizo, kwa miaka 70?

Jinsi mzunguko ulivyojulikana

Mambo haya watoto wa shule huyasoma leo kwa dakika chache, lakini wenye elimu wa zamani hawakuyajua. Galen, mganga Myunani wa karne ya 2, alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini kwa chakula, kisha hutiririka mpaka viungoni na kuishia huko, kama maji yanyweshwayo shambani. Mafundisho hayo yaliaminiwa Ulaya kwa miaka zaidi ya elfu moja.

Katika karne ya 13, mganga Mwarabu Ibn an-Nafis, aliyefanya kazi Cairo, aliandika kwamba damu ya upande wa kuume wa moyo haiwezi kupenya ukuta wa katikati. Haina budi kupitia mapafuni ndipo ifike upande wa kushoto. Alisema kweli, ila maandishi yake hayakujulikana sana.

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alitoa kitabu chake juu ya mwendo wa moyo na damu. Harvey alikuwa amechunguza wanyama wengi, hata nyoka, vyura na samaki, kwa sababu mioyo yao hupiga polepole na jicho laweza kuifuata. Kisha akapiga hesabu kama tulivyofanya sisi. Akaona kwamba kwa nusu saa tu moyo husukuma damu nyingi kuliko yote iliyomo mwilini. Je, ini laweza kutengeneza damu yote hiyo kwa nusu saa? Mtu angehitaji kula mchana na usiku! Hapana: damu ile ile yatoka, na damu ile ile yarudi.

Harvey alifananisha mzunguko huo na maji yapandayo angani kwa joto la jua na kurudi chini kuwa mvua. Sisi tukaao hapa twaweza kuuelewa mfano huu vema. Mto utokao katika ziwa letu ni mmoja tu, Lukuga. Maji yake huingia Lualaba, hufuata mto Kongo, na kufika bahari ya Atlantiki. Maji mengi zaidi huinuliwa na jua papa hapa ziwani. Lakini ziwa halijakauka, kwa sababu yaondokayo hufidiwa na mvua na mito.

Harvey hakuona mahali damu ivukapo kutoka mishipa ya kwenda mpaka mishipa ya kurudi. Alikufa mwaka 1657. Miaka minne baadaye, 1661, Mwitalia Marcello Malpighi alitazama pafu la chura kwa darubini, akaiona mishipa ile midogo kama nywele. Mzunguko ukatimia.

Ninyi wanafunzi, mwaweza kujaribu jambo moja ambalo Harvey mwenyewe aliwaonyesha watu. Shusha mkono chini mpaka mishipa itune. Bonyeza mshipa mmoja kwa kidole. Kwa kidole cha pili sukuma damu yake kuelekea kiwiko, kisha ondoa kidole hicho cha pili. Mshipa utabaki mtupu, kwa sababu milango yake haikubali damu irudi nyuma. Inua sasa kidole cha kwanza: mara unajaa, tena kutoka chini. Hivyo mmeona kwa macho yenu njia ya kurudi moyoni.

Samaki, chura, mamba na kuku

Sasa turudi kwa mgebuka wetu. Moyo wake ni mdogo, umekaa chini ya koo, karibu na matamvua. Hauna pampu mbili bali moja tu: chumba kimoja cha kupokea na kimoja cha kusukuma. Damu hutoka moyoni, hupita matamvuani na kupata oksijeni ya majini, kisha huenda moja kwa moja mwilini bila kurudi kwanza moyoni. Hupoteza nguvu njiani, lakini samaki haoni shida kubwa: maji humbeba, wala hana kazi ya kuutunza mwili uwe na joto kama wetu.

Ila hata samaki hana budi kukaa mahali penye oksijeni. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina. Lakini maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu. Kupita mita 100 upande wa kaskazini, au kama 200 upande wa kusini, oksijeni hukoma, na samaki hawawezi kuishi. Ndagala na migebuka wote twawapata katika tabaka la juu. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa ni kama nyumba isiyo na dirisha.

Chura huanza maisha yake majini akiwa na matamvua, kisha hupata mapafu. Moyo wake una vyumba vitatu: viwili hupokea, kimoja husukuma. Damu mpya na damu iliyochoka hukutana katika chumba hicho kimoja na huweza kuchanganyika. Chura hutosheka, maana hupata oksijeni nyingine kwa ngozi yake yenye unyevu. Yuko hata samaki mwenye mapafu, ambaye wavuvi wa ziwa Viktoria humwita kamongo. Hupatikana pia katika mabwawa ya kandokando ya ziwa letu. Yeye ana matamvua na mapafu pamoja, na chumba cha kupokea cha moyo wake kimeanza kugawanyika. Ni kama mtu aliyetia mguu mmoja majini na mwingine nchi kavu.

Mamba ana vyumba vinne kama sisi. Lakini pana tundu dogo liunganishalo mishipa yake miwili mikubwa, pamoja na mlango wa kuzuia njia ya mapafu. Anapokaa chini ya maji bila kupumua, aweza kupunguza damu iendayo mapafuni na kuizungusha mwilini tena. Mpaji wa uvumilivu wa mamba majini, basi, ni pamoja na moyo wake.

Ndege na wanyama wanyonyeshao wote wana pampu mbili kamili. Hao hutunza miili yenye joto daima, na moto huo hula oksijeni nyingi. Kadiri mnyama alivyo mdogo, ndivyo moyo wake uendavyo mbio. Moyo wa tembo hupiga kama mara 30 kwa dakika. Wa mtu 70. Wa kuku hupita 250. Wa panya mdogo wa nyumbani waweza kufika 600. Na twiga, ambao katika nchi yetu wamebaki mbugani Garamba tu, shinikizo la damu yao ni kama mara mbili ya letu, maana kichwa kiko juu mno.

Mwisho wa orodha yetu ni wadudu. Panzi, mende na mbu hawana mishipa kama yetu. Moyo wao ni mrija mrefu mgongoni; husukuma damu kuelekea kichwani, nayo humwagika na kuviosha viungo, kisha hurudi kuingia katika mrija. Damu yao haichukui oksijeni. Hewa huingia kwa matundu ya ubavuni na kupita katika vijirija vyake yenyewe. Kwa hiyo damu yao si nyekundu.

Je, wasomaji, hamkumponda mbu ukutani mkaona doa jekundu? Mmeona. Lakini sasa mwajua kwamba wekundu ule haukuwa wa mbu. Ilikuwa damu yenu, au damu ya mtoto aliyelala kitandani.

Mitumbwi inapozama

Hapa twafika kwenye shabaha ya maneno yetu. Mbu jike wa jamii ya anofelesi akimwuma mtoto, aweza kumwachia vijidudu vya malaria. Hivyo huenda kwanza katika ini, kisha huingia ndani ya chembe nyekundu. Huko hula, huzaana, na baada ya saa 48 hivi huipasua chembe na kuingia katika nyingine. Tena wengu huziharibu chembe nyingi nyingine, na uboho wa mifupa, ambao ndio kiwanda cha chembe mpya, hupunguza kazi kwa ajili ya ugonjwa.

Kumbukeni sasa mfano wa mitumbwi. Kijiji kilichokuwa na mitumbwi kumi ya kuvusha chakula, saba imezama, imebaki mitatu. Watu wafanye nini? Wapiga makasia wa mitumbwi iliyobaki hawana budi kwenda na kurudi mbio, bila kupumzika. Ndiyo sababu moyo wa mtoto aliyepungukiwa damu hupiga upesi upesi, naye huhema kama aliyekimbia, ingawa amelala mapajani mwa mama yake. Kiganja chake kimekuwa cheupe, ndani ya ukope pameupa, hanyonyi, hachezi. Huyo si mtoto mvivu, wala hakurogwa. Moyo wake unapiga makasia peke yake. Nao ukichoka, mtoto hufa.

Mtoto wa kilo 10 ana damu isiyofika lita moja. Akiba yake ni ndogo. Kwa hiyo kungoja mpaka kesho, au kumpa kwanza dawa iliyobaki ya ndugu yake, ni kucheza na uhai wake. Homa ikimshika, apelekwe kupimwa siku ile ile. Na dalili zile za weupe na kuhema zikionekana, asingojwe hata saa moja.

Chakula chenye madini ya chuma, kama maharage, sombe, nyama, maini na ndagala, humsaidia mtoto kujenga damu kwa majuma na miezi. Lakini mtoto anayehema hana majuma. Anahitaji mitumbwi ya kuazima, yaani damu ya mtu mwingine.

Hofu ya kutoa damu

Basi tufikiri baba mmoja amesimama katika ua wa hospitali. Mganga amemwambia kwamba damu yatafutwa kwa ajili ya mtoto. Baba awaita ndugu zake. Mmoja asema: "Mimi nafanya kazi ngumu; damu yangu ikitolewa sitakuwa mtu tena." Wa pili asema: "Damu ikitoka haina kurudi." Wa tatu anyamaza, kisha haonekani. Hao si watu wabaya. Hawajui tu habari ya damu. Waifikiri kama pombe ya mtungini: kikombe kikichotwa, mtungi umepungua siku zote.

Kumbe damu ni kama ziwa letu na mvua yake: hutoka, nayo hufidiwa. Chembe nyekundu huishi siku 120 tu. Hata asiyetoa damu kamwe, chembe zake hufa kila siku, na uboho hutengeneza nyingine kama milioni 2 kwa kila sekunde. Damu itolewayo ni kama mililita 450, isiyofika nusu lita, kati ya lita 5 hivi. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili. Chembe zake nyekundu hurudi katika majuma kadhaa. Yule asemaye "haina kurudi" ametupa damu nyingi kuliko hiyo tangu mwaka jana, kimyakimya, na haikumfaa mtu yeyote.

Lakini si kila mtu atoe, wala si kila damu itiwe. Mtoaji awe na miaka 18 au zaidi, mwenye afya, na uzito wa kilo 50 au zaidi. Mama mwenye mimba au anyonyeshaye asitoe. Baada ya kutoa, mwanaume angoje miezi 3, mwanamke miezi 4. Tena damu za watu zina makundi, jambo alilogundua Karl Landsteiner mwaka 1901. Kundi lisilopatana likitiwa, mwili huipasua damu ngeni, na mgonjwa aweza kufa. Kwa hiyo hata mzazi aweza kukuta kwamba damu yake haimfai mtoto wake, wala hilo si jambo la aibu.

Hofu moja ni ya haki. Katika miaka ya 1980 watoto wengi wa Kinshasa waliongezwa damu kwa sababu ya malaria, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba kuongezwa damu kulikuwa njia ya watoto kupata virusi vya UKIMWI. Walipona homa, wakachukua ugonjwa mwingine. Nchi ilijifunza kwa uchungu. Damu haina budi kupimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende kabla ya kutiwa. Mzazi aulizapo, "Je, damu hii imepimwa?" hamtukani mganga, afanya wajibu wake.

Tena damu iliyo salama kuliko zote ni ya yule atoaye kwa hiari, mara kwa mara, ambaye afya yake yajulikana. Ndugu anayetafutwa usiku wa manane, mtoto akihema, mara nyingi huchelewa; pengine huficha ugonjwa wake kwa kuona haya. Ni heri damu ingoje mtoto kuliko mtoto kuingoja damu. Kila mwaka tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Landsteiner, ulimwengu huwakumbuka watoao damu. Kwa nini vijana wenye afya wa parokia na wa vyama vyetu wasiwe miongoni mwao?

Neno la mwisho ni la chandarua. Katika vijiji vya kando ya ziwa, wengine hukigeuza chandarua chenye dawa kuwa wavu wa kuvulia ndagala. Twajua njaa ni mwalimu mkali. Lakini wavu ule wachukua hata vifaranga vya samaki, ziwa la kesho likawa tupu. Na usiku ule ule mtoto alala wazi, na mbu ajaza tumbo. Chandarua kivuacho samaki mchana hakimlindi mtoto usiku.

Basi, mama mpenzi, ewe usiyedanganyika na maneno ya mwuza samaki, ambaye kidole chako chajua kufunua shavu la mgebuka na kutafuta wekundu: kidole hicho hicho kitumie nyumbani. Mtoto akiwa na homa, vuta ukope wake chini, fungua kiganja chake, ukilinganishe na chako. Ukiona weupe, mbebe uende. Na wewe baba, ukiitwa uani mwa hospitali, nyosha mkono wako. Damu utakayotoa, mwili wako utairudisha. Mtoto asiyeipata hana wa kumrudisha.